Thomas Paine: Fundi wa koseti aliyewatikisa wafalme

Jina la Thomas Paine halikosi kutajwa kila inaposimuliwa historia ya uhuru wa Marekani na ya mapinduzi ya Ufaransa. Vijitabu vyake vilisomwa na maelfu kwa maelfu ya watu katika mabara mawili. Nchini kwake Uingereza aliandamwa na serikali, akahukumiwa pasipo kuwepo mahakamani.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mtu huyo hakuwa mwanasheria wala msomi wa chuo kikuu. Kazi aliyofunzwa tangu utotoni ilikuwa moja tu: kutengeneza koseti, yaani lile vazi gumu la kubana kiwiliwili ambalo wanawake wa Ulaya walilivaa chini ya gauni.

Maadui zake hawakulisahau jambo hilo. Alipoanza kuandika juu ya wafalme na mabunge, wao waliandika na kuchora juu ya sindano na mkasi wake. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mtu aliyezoea kupima viuno vya wanawake ana haki gani ya kupima uhalali wa serikali? Paine aliishi maisha yake yote akilijibu swali hilo.

Mtoto wa fundi

Thomas Paine alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 1737 katika mji mdogo wa Thetford, jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Joseph Pain, alikuwa fundi koseti na mfuasi wa madhehebu ya Quaker, Wakristo wasiokuwa na mapadri na wasioamini kwamba binadamu mmoja amezaliwa bora kuliko mwingine. Mama yake, Frances, alikuwa binti wa mwanasheria na muumini wa Kanisa la Anglikana. Tahajia ya Paine, yenye herufi moja zaidi ya jina la baba yake, ndiyo aliyojulikana nayo baada ya kuhamia Marekani.

Thetford ulikuwa na haki ya kupeleka wabunge wawili London. Hata hivyo, waliopiga kura hawakuzidi sana watu 30, nao walikuwa chini ya ushawishi wa familia ya kikabaila ya Grafton. Wakazi wengine wote, mafundi wakiwemo, walitazama tu.

Kijana Thomas alisoma katika shule ya sarufi ya mji huo kwa miaka michache. Hakusoma Kilatini, kwa sababu baba yake hakuafiki vitabu vilivyotumiwa kukifundishia, na bila Kilatini milango ya vyuo vikuu na ya kazi za heshima ilikuwa imefungwa. Alipofika umri wa karibu miaka 13 alitolewa shuleni, akawa mwanagenzi katika karakana ya baba yake.

Mfupa wa nyangumi na uzi wa kitani

Koseti ya karne ya 18 ilikuwa kazi ya mikono mwanzo hadi mwisho. Fundi alianza kwa kumpima mteja. Futi ya kitambaa yenye tarakimu ilikuwa bado haijaenea, hivyo alitumia ukanda mrefu wa karatasi, akautia alama kwa mkasi mahali palipofika kifua, kiuno na urefu wa mgongo. Kila mteja alikuwa na ukanda wake.

Kisha alikata vipande vya kitambaa kizito cha kitani, tabaka mbili au zaidi, mara nyingine vikiwa vimepakwa gundi ili vikakamae. Tabaka hizo zilishonwa pamoja kwa mistari mingi iliyosimama, na kati ya mstari na mstari paliachwa njia nyembamba. Ndani ya kila njia ulisukumwa ufito wa kile walichokiita mfupa wa nyangumi.

Kwa hakika haukuwa mfupa. Ni sahani ndefu zinazoota katika taya la juu la baadhi ya nyangumi, ambazo mnyama huyo huzitumia kuchujia chakula chake baharini. Zimeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha na pembe. Sifa yake kubwa ni kwamba hupindika bila kuvunjika, na kikipashwa joto huweza kupewa umbo jipya na kubaki nalo baada ya kupoa. Koseti za bei nafuu zilitiwa matete badala yake, na wapo wanawake wa kazi ngumu waliovaa koseti za ngozi.

Nyangumi hao waliwindwa kwenye bahari ya barafu, kati ya Greenland na visiwa vya Spitsbergen, na meli za Uholanzi na Uingereza. Bunge la Uingereza lilifikia kulipa ruzuku kwa wenye meli ili uwindaji huo uongezeke. Hivyo hata fundi wa mji mdogo wa bara kama Thetford alitegemea mabaharia waliokuwa wakihatarisha maisha yao karibu na ncha ya dunia.

Kuchana sahani hizo kwa kisu hadi zikawa fito, na kupenyeza sindano katika tabaka za kitani kilichokakamaa, kulihitaji vidole na mikono yenye nguvu. Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa ya kazi hii kuwa ya wanaume. Kitabu kimoja cha mwaka 1747, kilichowaelekeza wazazi wa London kuhusu kazi za kuwafunza watoto wao, kilidai kwamba ufundi huo ni mzito mno kwa wanawake. Lakini kitabu hicho hicho kilieleza kuwa ushonaji wa mistari ulifanywa na wanawake, tena kwa ujira mdogo. Fundi mwanamume alipima, akakata na kumjaribisha mteja vazi. Nyuma ya pazia wanawake ndio walioinamia sindano.

Mgongoni palitobolewa vitundu viwili viwili, kila kimoja kikazungushiwa uzi kwa mkono ili kisichanike. Kamba moja ilipitishwa kutoka kitundu hadi kitundu kuanzia chini mpaka juu, kisha ikavutwa. Mbele paliweza kuingizwa kibao chembamba cha mti ili kifua kinyooke.

Si matajiri peke yao waliovaa vazi hilo. Wake wa wakulima na watumishi wa nyumbani walilivaa, na hata wasichana maskini waliotunzwa na parokia walinunuliwa koseti kwa fedha za umma, kwa kuwa mwanamke asiyelivaa alihesabiwa kuwa hana staha. Fundi koseti, basi, aliwajua wateja wa tabaka nyingi, na alijua pia nani alilipa kwa wakati na nani alikopa.

Neno la Kiingereza lililotumika zamani kwa vazi hili ndilo linalotumika pia kwa kamba zinazoshikilia mlingoti wa jahazi. Kwa sababu hiyo wapo waliojaribu kumtetea Paine kwa kudai kwamba yeye na baba yake walikuwa wasokotaji wa kamba za meli, na kwamba habari ya koseti ni uzushi wa mahasimu. Utetezi huo hauna nguvu. Thetford ni mji wa bara usio na bandari ya meli kubwa, na wengi wa waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba kazi yake ilikuwa ya mavazi. Isitoshe, utetezi wenyewe unakubali bila kujua kile walichokidai maadui, yaani kwamba kazi hiyo ni ya kuonewa haya.

Duka la Sandwich

Kijana huyo hakuipenda karakana. Mwaka 1756, vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilipoanza, aliamua kujiunga na meli ya kuteka meli za adui iliyoitwa Terrible. Baba yake alimwahi na kumsihi asiende. Meli hiyo iliondoka bila yeye, na katika mapigano yaliyofuata sehemu kubwa ya mabaharia wake waliuawa. Mwaka uliofuata Paine alipanda meli nyingine, King of Prussia, akakaa baharini miezi kadhaa na kurejea salama.

Alirudi kwenye kazi aliyoijua. Alishona koseti London akiwa fundi wa kuajiriwa, kisha Dover, na mwaka 1759 akafungua duka lake mwenyewe mjini Sandwich, katika jimbo la Kent. Mwezi Septemba mwaka huo alimwoa Mary Lambert, msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumbani.

Mambo hayakwenda vyema. Biashara ilidorora, wakahamia mji jirani wa Margate, na mwaka 1760 Mary alifariki dunia. Inaelezwa kuwa alikufa wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Paine alikuwa na umri wa miaka 23, hana duka, hana mke. Alirudi kwa wazazi wake na kuanza kujisomea ili apate kazi ya serikali.

Shilingi moja na peni tisa

Kazi hiyo ilikuwa ya afisa wa ushuru wa bidhaa. Mwaka 1762 alipangiwa Grantham, kisha Alford. Mwaka 1765 alifukuzwa kwa kosa la kuandika kwamba amekagua bidhaa ambazo hakuzikagua, jambo lililokuwa limezoeleka miongoni mwa maafisa waliolemewa na kazi. Kwa muda alihangaika, akarudia koseti na kufundisha shule, mpaka aliporudishwa kazini na kupelekwa Lewes, kusini mwa Uingereza, mwaka 1768.

Hapo Lewes alianza kujulikana kama mzungumzaji hodari katika klabu ya midahalo, na mwaka 1771 alioa tena, safari hii binti wa mwenye duka la tumbaku, Elizabeth Ollive. Wenzake wa idara ya ushuru walimchagua aandike malalamiko yao kwa Bunge. Katika kijitabu alichokiandika mwaka 1772 alipiga hesabu kwamba mshahara wa afisa, pauni 50 kwa mwaka, ukiondoa kodi, gharama za farasi na nyinginezo, ulimwachia shilingi moja na peni tisa na ushei kwa siku. Alieleza kwamba umaskini wa afisa ndio mama wa rushwa.

Nakala 4,000 zilichapishwa. Bunge halikujishughulisha nazo. Mwaka 1774 Paine alifukuzwa kazi kwa mara ya pili, mali za duka la tumbaku zikauzwa ili kulipa madeni, na yeye na mkewe wakatengana. Akiwa na miaka 37, alikuwa ameshindwa katika kila alichokigusa.

London alikutana na Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa kutoka makoloni ya Marekani, ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha. Tarehe 30 Novemba mwaka 1774 Paine alifika Philadelphia, akiwa mahututi kwa homa iliyowapata abiria melini.

Kijitabu kilichobadili mjadala

Mwaka uliofuata alipata kazi ya uhariri wa jarida. Tarehe 10 Januari 1776 kilitoka kijitabu chake Common Sense, ambacho jina lake lina maana ya akili ya kawaida. Wakati huo mapigano kati ya wakoloni na majeshi ya Uingereza yalikuwa tayari yameanza, lakini viongozi wengi bado walitarajia kupatana na Mfalme George wa Tatu. Paine aliandika kwamba hakuna cha kupatanishwa: ufalme wa kurithiana wenyewe ndio tatizo, na kisiwa hakiwezi kulitawala bara milele.

Nguvu ya kijitabu hicho ilikuwa pia katika lugha yake. Waandishi wa siasa wa zama zile walijaza kurasa zao kwa Kilatini na majina ya Warumi wa kale. Paine, ambaye hakupewa nafasi ya kujifunza Kilatini, aliandika kwa Kiingereza kilichoeleweka na mhunzi, mvuvi na mshona viatu. Idadi kamili ya nakala inabishaniwa na wanahistoria, lakini hakuna anayepinga kwamba kilisambaa kuliko maandishi yoyote yaliyokitangulia katika makoloni hayo. Miezi sita baadaye Marekani ilitangaza uhuru.

Mwezi Desemba mwaka huo, jeshi la George Washington likiwa limechoka na kukata tamaa, Paine alitoa makala ya kwanza katika mfululizo alioupa jina la The American Crisis, na makala hiyo ilisomwa mbele ya askari. Hakujitajirisha kwa maandishi hayo. Sehemu yake ya faida ya Common Sense aliitoa kwa ajili ya kuwanunulia askari glavu.

Kupima taji

Vita vilipomalizika, Paine aligeukia uhandisi. Alibuni daraja la chuma la upinde mmoja na kurudi Ulaya mwaka 1787 kutafuta wafadhili. Lakini mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalimrejesha kwenye siasa. Mwanasiasa Edmund Burke alipoandika kuyalaani mapinduzi hayo, Paine alimjibu kwa kitabu Rights of Man, yaani Haki za Binadamu, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1791 na 1792.

Sehemu ya pili haikuishia kwenye kuwashutumu wafalme. Ilikuwa na mahesabu, kama yale ya Lewes. Paine alipendekeza kodi zitumike kuwasomesha watoto wa maskini, na wazee walipwe pauni sita kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 50, na pauni 10 kuanzia miaka 60. Alieleza kwamba kufikia miaka 50 akili ya mtu bado ni timamu, ila mwili wake huanza kushindwa na kazi za nguvu, na kipato chake hupungua. Miongoni mwa aliowataja kuwa wastahiki ni vibarua, mabaharia, wajane na mafundi wa kuajiriwa wa kila kazi. Alisisitiza kwamba hiyo si sadaka, ni haki.

Hapo ndipo serikali ya Uingereza iliposhtuka, hasa nakala za bei rahisi, za peni sita, zilipoanza kuingia mikononi mwa wafanyakazi. Karani mmoja wa serikali, George Chalmers, alichapisha kwa jina la bandia kitabu cha kumchafua, akichambua kila kufeli kwake, kuanzia duka la Sandwich. Mchoraji wa vikaragosi James Gillray naye, mwezi Mei mwaka 1791, alimchora Paine kama fundi nguo mdogo aliyepiga magoti akilipima taji kubwa la kifalme kwa futi yake.

Mchoro uliotia fora ulitoka tarehe 2 Januari 1793. Gillray aliichora Uingereza katika umbo la mwanamke, Britannia, aliyeukumbatia mti wa mwaloni kwa maumivu. Nyuma yake Paine amemkanyaga makalioni kwa mguu mmoja huku akivuta kwa mikono miwili kamba za koseti aliyomvisha. Mfukoni mwake unaning'inia ukanda wa kupimia wenye jina la kitabu chake, na kibao cha duka kinamtangaza kuwa fundi koseti wa Thetford anayeleta mitindo kutoka Paris. Ujumbe ulikuwa wazi: katiba yenye afya inabanwa kwa ajili ya mtindo wa kigeni.

Majira hayo hayo ya baridi, sanamu za Paine zilichomwa moto katika mamia ya miji na vijiji vya Uingereza, na baadhi yake zilibebeshwa koseti kwapani. Mwezi Desemba 1792 mahakama ilikuwa imekwisha kumtia hatiani kwa uchochezi. Lakini yeye alishavuka kwenda Ufaransa, ambako alichaguliwa kuwa mbunge.

Kebehi hizo zinaonyesha kilichowatisha wakubwa. Wenye vyeo walikuwa wakibishana juu ya wafalme tangu zamani. Jambo geni lilikuwa fundi kuandika bila kuomba radhi kwa ufundi wake, na mafundi wenzake kumsoma na kujiona nao wana la kusema.

Jela na mazishi ya watu sita

Ufaransa nayo haikumwacha salama. Paine aliupinga ufalme, lakini alipinga pia kumuua mfalme. Mwezi Januari 1793 alilisihi bunge limpeleke Louis wa 16 uhamishoni Marekani badala ya kumchinja. Ombi lake lilikataliwa, na mwishoni mwa mwaka huo alikamatwa na kutiwa katika gereza la Luxembourg mjini Paris. Alikaa humo zaidi ya miezi 10 hadi balozi wa Marekani, James Monroe, alipofanikisha kuachiwa kwake Novemba 1794.

Kitabu chake kingine, The Age of Reason, ambamo alimkiri Mungu mmoja lakini akayashambulia makanisa na maandiko matakatifu, kilimpotezea marafiki wengi. Aliporudi Marekani mwaka 1802 alikuta watu waliowahi kumshangilia wakimkwepa. Alifariki dunia mjini New York tarehe 8 Juni 1809, akiwa na miaka 72. Inasimuliwa kuwa waliomzika hawakuzidi sita.

Miaka 10 baadaye, mwandishi William Cobbett, aliyekuwa mpinzani wake kabla ya kubadili msimamo, aliufukua mwili huo na kuisafirisha mifupa hadi Uingereza akikusudia kuujengea mnara. Mnara haukujengwa, na mifupa ikapotea.

Ufundi wenyewe pia haukubaki kama alivyouacha. Miaka ya 1790 wanawake wa Ulaya waliziacha koseti ngumu na kuvaa magauni mepesi. Vazi hilo liliporudi kwa nguvu katika karne ya 19 lilikuwa na vitundu vya chuma na fito za chuma cha pua, likishonwa kwa cherehani viwandani, na wengi wa wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa wanawake. Nyangumi wa Greenland na Spitsbergen walikuwa wamewindwa mpaka wakakaribia kwisha.

Mwaka 1964 mji wa Thetford ulisimamishiwa sanamu ya Paine iliyopakwa rangi ya dhahabu, zawadi ya wapenzi wake kutoka Marekani. Mkono mmoja umeshika kalamu ya unyoya, mwingine umeshika Rights of Man. Mkasi na sindano havimo, ingawa katika mji huo ndivyo vilivyomlisha yeye na baba yake.